Beseni la Paka na Vumbi la Makumbi

Mie nimeonja kwa ulimi wangu maji ya kuoshea choo cha paka, tena si mara moja. Chekeni kwanza, nitawasubiri. Nyie mnaofanya kazi kwenye kliniki za wanyama siku hizi mna glavu za boksi na mifuko ya mchanga wa paka inayonukia maua, na mtu akiwauliza paka wake ajisaidie kwenye nini, mnanyoosha kidole rafuni. Sie tuliulizwa swali hilohilo na rafu hatukuwa nayo. Ndiyo maana nimekubali kukaa na kuwasimulia, maana nilichojifunza kwenye beseni la paka sikukipata darasani.

Naitwa Bi Mwajuma. Kazi yangu yote nimeifanyia kwenye kliniki moja ndogo huku Kinondoni, nikaanza kwa kupiga deki na nikamalizia kuwa msimamizi wa chumba cha paka. Watu waliokuwa wanasafiri au wanalazwa hospitali walituachia paka wao humo, tukawalisha na kuwasafishia mpaka wenyewe warudi. Ndugu zangu wa Mtoni walinichekaga sana. Shangazi yangu aliwaambia watu kwamba mie ni yaya wa paka, na kwa kweli hakukosea.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kondo, mtu wa Kimbiji, aliyekuwa pale kabla yangu. Alikuwa na kikofia kilichopauka na hakuwa na haraka na kitu chochote. Siku yangu ya kwanza nilimkimbiza paka mmoja chumba kizima nikiwa na taulo mkononi, nikaparuliwa mpaka kwenye kiwiko. Mzee Kondo akanitazama tu mpaka nilipochoka.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Haya, sasa kaa chini ujifanye huna shida naye."

Nikakaa. Haukupita muda paka akaja mwenyewe kuninusa mguu. Hadi leo ndivyo ninavyowashika, na ndivyo nilivyowashika hata wakwe zangu.

Daktari wetu alikuwa mama wa kutoka Moshi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Akisema neno amesema. Hakuwa mtu mbaya, ila kazi mbovu ilikuwa inamuumiza kama jino, na ukiiharibu ulikuwa unaona uso wake unavyobadilika kabla hajafungua mdomo.

Sasa huo mchanga. Zamani tulikuwa tunaupata bure. Wageni waliofanya kazi za miradi kule Msasani na Kawe walikuja nao kutoka kwao, vibonge vidogovidogo vya udongo wa kijivu, na wakirudi makwao walituachia mifuko iliyobaki. Kisha miradi ikapungua na wageni wakaondoka. Wakati huohuo zikaja enzi za ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa, maduka yakajaa kila kitu ambacho tulikuwa hatujakiona miaka, sabuni za kunukia, biskuti, mitumba ya kila namna, na mchanga wa paka nao ukaja. Daktari alikwenda dukani mjini, akaushika mfuko, akasoma bei, akaurudisha mahali pake. Ulikuwepo na wa bei nafuu, lakini huo ukiumwaga unatimua vumbi mpaka paka wanapiga chafya na Mzee Kondo anakohoa.

Daktari akatuita wote wawili.

"Nitafutieni kitu kingine," akasema. "Kiwe rahisi na kisimdhuru paka. Mwezi ukiisha hamjapata, nakifunga hiki chumba."

Mzee Kondo akaitikia na kurudi kwenye ndoo yake. Mie nilibaki pale nikipiga hesabu. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, tena karibuni tu, na tulikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Chumba cha paka kikifungwa, kazi yangu ndiyo imekwisha. Kwa hiyo mnaponisikia nahangaika na beseni la paka, mjue nilikuwa nahangaikia sufuria ya nyumbani kwangu.

Nilianza na mchanga wa ufukweni Kawe, maana ni wa kuchota tu. Nilijaza kiroba, nikajiona nimemaliza kazi. Asubuhi ya pili tukasikia vurugu chumbani, kumbe nimebeba na kaa mdogo, na paka wa kigogo mmoja amebanwa pua. Mzee Kondo alicheka akakaa chini kabisa. Mbali na kaa, mchanga ule haunywi mkojo, unakuwa tope, na chumvi yake inawawasha paka kwenye nyayo. Nikaurudisha baharini.

Nikajaribu majivu. Majivu yanaua harufu, hilo ni kweli, na bibi zetu walimwaga chooni. Lakini yakilowa yanachoma, na paka akimaliza anajilamba miguu. Daktari aliyaona mapema akayakataa siku hiyohiyo. Nikajaribu makapi ya mpunga kutoka mashine za kukoboa za Manzese. Ni safi, ni mepesi, na kwa wepesi wake paka akifukua yote yanahamia kwenye sahani ya chakula ya jirani yake. Yanafaa ukiyachanganya na kitu kizito, msiyadharau. Magazeti tuliyachana vipande, na Mzee Kondo hakuchana hata moja kabla hajawasomea paka habari zake kwa sauti, akidai nao wana haki ya kujua. Gazeti ni salama na ni la kuokolea jahazi, hasa kwa paka mwenye kidonda au aliyetoka kushonwa. Ila linalowa upesi na chumba kinanuka kufikia adhuhuri.

Mwezi ulikuwa unayoyoma. Ndipo nilipokumbuka unga wa mbao, ule unaobaki msumeno ukipita.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ndipo nilipokosea. Nimelelewa kwenye nyumba ya miti na udongo, na kwetu Uzaramoni mbao nzuri ni ile mchwa wanayoipita. Mama yangu akinunua hata kijiti cha kuegemeza mlango, anauliza kwanza kama mchwa wanakila. Kwa akili hiyo nikaenda yadi moja ya mbao huko Temeke nikamkuta fundi.

"Fundi, naomba unga wa mbao, lakini wa mbao safi."

"Safi vipi, sista?"

"Isiyoliwa na mchwa."

Akacheka. "Hiyo ipo. Huu hata ukaumwage juu ya kichuguu, mchwa wanahama mtaa."

Nikamshukuru, nikabeba gunia zima kichwani mpaka kituoni. Yeye alidhani nakwenda kuumwaga kwenye msingi wa nyumba. Hakuniuliza na mie sikumwambia. Mbao zile zilikuwa zimechovywa kwenye dawa ya mchwa.

Niliuweka kwenye mabeseni yote siku ya Alhamisi. Ulikuwa mkavu, unanyonya vizuri, hata harufu ilipungua, na hapakuwa na mdudu hata mmoja. Nilijisifu jamani. Nilimwambia Daktari kwamba hata sisimizi hawausogelei, na yeye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Kondo peke yake ndiye aliyechota kidogo mkononi, akanusa, akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamjibu yadi. Akaurudisha beseni, akajifuta mkono kwenye suruali.

Ijumaa jioni paka wakaanza kutoka mate. Jumamosi asubuhi walikuwa wanatetemeka na wamegoma kula. Kati yao alikuwepo Kibopa, paka mnene wa rangi ya maziwa, wa Mwalimu Kapinga. Huyu mwalimu alikuwa mstaafu wa Temeke, mjane, aliyelazwa kufanyiwa upasuaji, na alituachia Kibopa kwa kutuandikia karatasi nzima ya mambo anayopenda na asiyopenda. Alikuwepo pia kitoto kimoja cha paka kisicho na mwenyewe, tulichokiokota mtaroni.

Daktari aliingia, akawaangalia, akainua pua. Chumba kilikuwa kinanuka dawa ya kupigia deki, ile nyeusi inayogeuka maziwa ukiitia maji. Dawa ile ni sumu kwa paka, na Mzee Kondo alikuwa ameshaonywa mara moja kwa kuitia nyingi.

"Mzee, nilikwambia," Daktari akasema. "Nilikwambia kuhusu hii dawa."

"Ulinambia, Daktari."

"Sasa nenda nyumbani. Sitaki kukuona humu."

Mzee Kondo hakujitetea. Alichukua kikofia chake msumarini, akapitia stoo kuchukua mfuko wake, na alipofika mlangoni niliposimama akasema polepole: "Mwaju, mwaga mabeseni yote. Weka magazeti. Na uwaoshe miguu."

Nilidhani ni maagizo yake ya kila siku. Mchana nikaanza kumwaga mabeseni. Nikavuta beseni la mwisho, na pale chini ukutani nikaona mstari wa sisimizi, wote wamekufa. Nikasimama pale na beseni mkononi. Nilielewa yote kwa mara moja, dawa ya mchwa, miguu ya paka, ulimi wa paka, na maneno ya Mzee Kondo mlangoni.

Nikakimbilia stoo nilifiche lile gunia. Halikuwepo. Nikadhani kuna mtu kaliiba la kuwekea kuku, nikaogopa zaidi. Lakini mjue nilifanya nini baada ya hapo. Niliweka magazeti, nikafagia wale sisimizi, nikaondoka. Miguu sikuwaosha. Kuosha paka wagonjwa mbele ya Daktari ni lazima aulize kwa nini, na mie sikutaka kuulizwa. Nilijiambia nimeshaondoa ubaya, inatosha.

Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kulisha. Nilipoingia, kile kitoto kilikuwa kimekufa. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba kilienea kwenye kiganja changu. Kibopa alikuwa hai lakini hakuinua kichwa. Nilikaa na jambo hilo siku nzima, nikipika, nikinyonyesha, nikimjibu mume wangu bila kusikia alichoniuliza. Nikawa najihesabia kwamba hakuna anayejua. Gunia halipo, sisimizi hawapo, aliyelaumiwa ameshaondoka. Ningenyamaza mpaka leo hakuna ambaye angenishika.

Jumatatu nilifika kabla ya Daktari, nikamsubiri mlangoni. "Shikamoo Daktari. Ni mie," nikasema. "Unga wa mbao ulikuwa na dawa ya mchwa. Mzee Kondo hana kosa."

Hakufoka. Alivua saa mkononi, akakunja mikono ya koti, akasema, "Lete maji ya vuguvugu na sabuni." Tuliwaosha mmoja mmoja, miguu, tumbo, mpaka chini ya mkia. Akawachoma sindano tofauti kabisa na zile alizowachoma Jumamosi. Tulifanya kazi hiyo mpaka mchana bila yeye kunisemesha, na tulipomfikia Kibopa, ndipo aliponiambia: "Ungenambia Jumamosi, kile kitoto labda kingekuwepo."

Nikalia. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Nenda kamrudishe mzee. Bila yeye usirudi."

Nimewahi kusikia watu wakisema yule mama alikuwa mkali. Angeweza kunifukuza palepale na hakuna ambaye angemlaumu. Alinipa njia ya kurudi, na njia yenyewe ilipita Kimbiji. Kila nikiswali namwombea.

Basi nikavuka kwa pantoni kesho yake, nikapanda lori la nazi lililokuwa linarudi tupu, barabara mashimo matupu, mtoto mgongoni. Nilimkuta Mzee Kondo uani kwake na mkewe. Mkewe alikuwa anaponda makumbi kwa rungu, yale maganda ya nje ya nazi, yaliyofukiwa pwani miezi mpaka yakalainika, apate nyuzi za kusokotea kamba. Mzee alikuwa anachambua nyuzi. Walinikaribisha, wakampokea mtoto, wakanipa kikombe cha chai na kibao cha kukalia pembeni ya lundo la vumbi la kahawia linalobaki makumbi yakishapondwa.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Wale paka niliwadhuru mie."

"Najua," akasema. "Tangu Ijumaa nilikuwa na wasiwasi na ule unga. Jumamosi asubuhi nikawaona sisimizi wamekufa chini ya gunia lako stoo. Nilipotoka nilizungukia nyuma, nikalichukua stoo, nikalifukia kwenye shimo la taka."

Nikamwangalia. "Sasa mbona hukusema? Umefukuzwa kazi kwa kosa langu."

Hakuacha kuchambua nyuzi zake. "Mie nina minazi, Mwaju. We una nini?"

Nikageuka kumtafuta mtoto kwa macho, kikombe kikanitoka, chai yote ikamwagika juu ya lile lundo la vumbi. Nikainama kusafisha kwa aibu, na sikukuta cha kusafisha. Chai ilikuwa imenywewa. Juu palikuwa pakavu karibu kama mwanzo, hapana tope, hapana kinachonata. Nikachukua kikombe cha maji nikamwaga tena, kwa makusudi. Mke wa Mzee Kondo akamwuliza mumewe kwa sauti ya chini kama huyu mgeni ni mzima.

"Baba," nikasema, "hili vumbi mnalifanyia nini?"

"Tunalitupa. Au tunafukizia mbu."

Safari hii sikubeba kitu kichwani bila kuuliza. Niliuliza minazi imepuliziwa nini, makumbi yamefukiwa wapi, nani mwingine anatupa taka zake kwenye shimo hilo la makumbi. Niliuliza mpaka mama wa watu akachoka. Mzee Kondo akachota kidogo akaliweka ulimini, akanipa na mie. "Chumvi," akasema. Makumbi yanakaa kwenye maji ya bahari, sasa vumbi lake lina chumvi ileile iliyowawasha paka kwenye mchanga wa Kawe. Tukaliosha kwenye pipa, tukakamua, tukaonja maji yake. Tukamwaga, tukaweka mengine, tukaonja. Mara ya nne yakawa maji tu. Ndiyo maji niliyowaambia mwanzo. Kisha tukalianika kwenye mkeka, siku mbili za jua kali, maana likibaki na unyevu linaota ukungu, na ukungu nao ni ugonjwa.

Nililala kwao siku zote hizo. Tukarudi Kinondoni wote, mie, Mzee Kondo, mtoto, na magunia mawili. Daktari alimpa mkono mzee wetu akamwomba radhi mbele yangu, akaliweka vumbi kwa beseni moja tu, kwa paka mmoja tu, wiki nzima, akimtazama macho, mate na nyayo kila siku. Fanyeni hivyohivyo na chochote kipya, hata kikiwa na mhuri na picha. Beseni moja kwanza. Na mkienda kuomba kitu kwa fundi, mwambieni mnakwenda kukifanyia nini. Fundi yule angejua ni wa paka, angenipa maranda ya mti wa mninga yasiyoguswa na dawa, na hayo maranda ni mazuri mno yakipepetwa vumbi lake.

Chumba hakikufungwa. Tulichanganya vumbi la makumbi na makapi ya mpunga kidogo, tukazoa kinyesi asubuhi na jioni, tukabadilisha beseni zima kila baada ya siku chache. Lililotumika hatukulimwaga kwenye mchicha, na mwenye mimba hatukumruhusu kulishika, maana kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru mtoto tumboni, Daktari alikuwa hana mzaha na hilo.

Mwalimu Kapinga alikuja kumchukua Kibopa akiwa bado anatembea ameinama kwa mshono. Kibopa alikuwa amekonda lakini anakula. Nilimweleza mwalimu ukweli wote, sikuruka kitu, hata ile Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akimkuna paka wake kichwani. Kisha akaniuliza kama naweza kumpatia kiroba kimoja cha hilo vumbi, maana mchanga wa ufukweni aliokuwa anautumia nyumbani unamwasha Kibopa kwenye nyayo. Niliona haya kuliko kama angenitukana, na nikampelekea mwenyewe mpaka Temeke.

Mzee Kondo alifanya kazi miaka mingine mingi, kisha akarudi kwenye minazi yake, na huko ndiko alikozikwa. Mkewe ndiye aliyetuletea makumbi mpaka na yeye akachoka. Mzee lile swali lake la uani hakulirudia tena, hata kwa utani, ingawa kwa mengine alinitania kila siku, hasa yule kaa. Lakini mie nililibeba. Nikinyonyesha nililibeba, na watoto walipomaliza shule kwa mshahara wa chumba kile nililibeba.

We una nini, aliniuliza, na mie nikamwaga chai. Wanangu, nilikuwa na yeye. Nilikuwa na yeye na sikujua.